Kusukutua Mabomba Makubwa ya Mafuta ya Kulainisha Kabla ya Kuwasha Mashine: Mwongozo Kamili

Shafti ya turbini au ya kompresa kubwa haikai juu ya chuma. Huelea juu ya utando wa mafuta ambao unene wake, mashine ikiwa katika kasi ya kazi, huhesabiwa kwa makumi ya maikroni tu. Tone la weldi lenye upana wa nusu milimita ni maikroni 500. Mbele ya utando huo ni jabali, na likiingia kwenye beringi, sehemu inayobeba shafti, huichimba metali nyeupe (metali laini inayoifunika kwa ndani) kwa zamu chache za shafti. Kwa sababu hiyo mabomba yote yaliyounganishwa na tangi la mafuta husukutuliwa, yaani mafuta ya moto huzungushwa ndani yake kwa kasi kubwa na kuchujwa, kabla shafti haijazungushwa hata mara moja.

Jambo ambalo ni lazima lishikwe tangu mwanzo ni kwamba kusukutua hakusafishi bomba chafu. Humalizia usafi wa bomba ambalo tayari limesafishwa kwa mkono na kukaguliwa kwa macho. Kwa mabomba madogo mtu anaweza kusahau jambo hili na bado akaokoka, kwa kuwa pampu hupeleka mafuta kwa kasi inayozoa karibu kila kitu. Bomba likifika kipenyo cha milimita 150, 200 au zaidi, pampu ileile hutoa mkondo wa polepole unaopita juu ya uchafu bila kuuinua.

Niliwahi kuwa kwenye kazi ambayo mafuta yalizungushwa kwa siku sita, na kila asubuhi wavu wa kunasa uchafu ulitoka na chembe za mviringo zisizopungua wala kuongezeka. Siku ya saba tulisimamisha pampu, tukafungua flanji (kiungo cha sahani zinazofungwa kwa bolti) ya bomba kuu la kurudishia mafuta na kupitisha kitambaa cheupe kwenye sakafu ya bomba, umbali wa mkono mmoja tu. Kilitoka na unga wa jiwe la kusagia na shanga za weldi zilizolala pale kama mchanga wa mtoni. Tuliyasafisha mabomba ya kurudishia kwa mkono kwa siku mbili, na baada ya hapo nyavu zilianza kutoka safi. Zile siku sita zilikuwa zimepotea bure.

Kazi inaanzia kwenye karakana

Usafi wa mafuta huamuliwa kwanza na mtu anayechomelea mabomba. Mshono wa kwanza wa ndani uchomelewe kwa TIG (weldi ya umeme inayolindwa na gesi) huku gesi ya agoni ikijazwa ndani ya bomba, kwa sababu weldi ya fimbo huacha mavi ya chuma na matone upande usioonekana, na gamba hilo hubanduka pole pole mashine ikishaanza kazi. Viungo vya kuchomeka na vya nyuzi viepukwe kadiri inavyowezekana, kwa kuwa vina mwanya unaohifadhi uchafu na usiofikiwa na mkondo. Bomba lililopakwa zinki lisitumike kabisa kwa mafuta ya kulainisha, kwani zinki humenyuka na viongezo vya mafuta na kubanduka.

Mabomba ya chuma cha kawaida huoshwa kwa asidi ili kuondoa kutu na gamba la kiwandani (tabaka la oksidi lililobaki tangu chuma kilipoviringishwa kikiwa moto), kisha asidi hupoozwa kwa alkali, bomba husuuzwa, hukaushwa kwa hewa kavu na hupakwa mafuta ya kulinda siku hiyohiyo. Bomba lililooshwa kwa asidi likaachwa wazi usiku kucha katika hewa yenye unyevu huamka na kutu mpya, na kazi yote huwa imerudi mwanzo. Asidi ya hidrokloriki isitumike kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kloridi hukitoboa vishimo. Maji ya kupimia shinikizo nayo yawe na kloridi kidogo na yaondolewe mara moja.

Kila mdomo wa bomba uzibwe kwa kifuniko cha plastiki kigumu au sahani yenye gasketi (pete ya kuzibia). Usizibe kwa matambara, karatasi wala utepe wa gundi. Tambara huachwa ndani na kusahauliwa, na gundi ya utepe huyeyuka katika mafuta ya moto na kuziba filta. Silikoni ya kuzibia viungo na utepe wa tefloni wa nyuzi pia visifike kwenye mfumo huu.

Tangi na mabomba ya kurudishia

Mabomba ya kupeleka mafuta kwenye beringi hujaa mafuta yakiwa kazini. Yale ya kurudishia hutegemea mteremko, na husanifiwa yasijae zaidi ya nusu ili mvuke na hewa vipate nafasi juu. Maana yake ni kwamba nusu ya juu ya bomba hilo haitaoshwa kamwe na mkondo, na nusu ya chini itaoshwa na mafuta yanayotembea kwa uzito wake tu. Bomba la namna hii husafishwa kwa mkono: fungua kila flanji, vuta kitambaa kisichotoa nyuzi kilichofungwa kwenye kamba toka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha ingiza kamera ya kuchungulia na uangalie kila mshono wa weldi, kila kiwiko na kila tawi. Tone lililoshika ukutani ling'olewe kwa patasi au lisagwe, na vumbi lake livutwe kwa mashine. Rudia kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe.

Tangi husafishwa kwa namna hiyohiyo, isipokuwa kwamba hapa mtu huingia ndani, na watu wamekufa ndani ya matangi yaliyoonekana kuwa hayana hatari yoyote. Kabla ya kuingia, pampu na vipasha joto vifungwe kwa kufuli na vibandikwe kibao, hewa ipulizwe, oksijeni ipimwe na kuwa kati ya asilimia 19.5 na 23.5, gesi za kuwaka zipimwe, na mlinzi asiye na kazi nyingine asimame mlangoni muda wote. Aingiaye avae ovaroli isiyo na vifungo vya kudondoka na aache nje kalamu, simu na funguo. Baada ya kupangusa, mafundi wengi humalizia kwa donge la unga wa ngano uliokandwa vizuri, wakiligandamiza kwenye pembe, chini ya mihimili na kuzunguka mishono, kwani hunasa chembe ambazo kitambaa huzisukuma tu toka kona moja kwenda nyingine. Hesabu madonge yanayoingia na yanayotoka. Kagua pia rangi ya ndani ya tangi: iliyovimba au kubanduka hata mahali pamoja iondolewe, kwa sababu mafuta ya moto yataibandua iliyobaki.

Kugawanya mfumo na kuandaa njia za muda

Chukua mchoro wa mabomba na uupitie kwa kalamu ya rangi, ukitenga mizunguko ambayo kila mmoja unaweza kupewa mkondo wote wa pampu peke yake. Matawi mengi yakifunguliwa kwa pamoja, mafuta hufuata njia nyepesi, na tawi jembamba au refu hubaki na mkondo usio na nguvu. Anza na bomba kuu linalotoka kwenye tangi, kisha matawi makubwa, kisha madogo, ili uchafu wa juu usisukumwe kwenye tawi lililokwisha kusafishwa.

Mafuta ya kusukutulia yasipite ndani ya beringi. Kwenye kila beringi, bomba la kupeleka liunganishwe moja kwa moja na la kurudishia kwa hosi au kipande cha bomba cha muda, na kipenyo chake kisiwe kidogo kuliko cha bomba linalosukutuliwa. Fanya hivyo pia kwa mihuri ya shafti, giaboksi na mitambo ya kudhibiti mwendo. Ondoa sahani zenye tundu la kupimia, vali za kudhibiti, vilango vya vali zisizorudisha, vipima mkondo na vipima joto vinavyochomoza ndani ya bomba. Kila kilichoondolewa kipewe kibandiko chenye namba, kifungwe kwenye mfuko safi na kiandikwe kwenye daftari moja linalotunzwa na mtu mmoja. Mwisho wa kazi daftari hilo ndilo pekee litakaloeleza kwa nini beringi namba 3 inapata mafuta mengi kuliko nyingine.

Tafuta matawi yasiyo na mkondo: mabomba ya geji, ya kutolea maji, ncha za bomba kuu zilizozibwa kwa ajili ya upanuzi. Uchafu hukimbilia humo, kisha hutoka mashine inapotikisika. Yafunguliwe na kusafishwa kwa mkono, au yapewe hosi ya muda ili nayo yapitishe mafuta.

Mafuta yanayorudi kwa mteremko hayana nguvu ya kupenya filta nyembamba. Kwa hiyo weka kikapu chenye wavu mahali yanapoingia tangini, na wakati huohuo weka filta ya pembeni yenye pampu yake, inayovuta mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi na kuyarudisha juu, ikifanya kazi usiku na mchana. Filta kuu iwekwe baada ya pampu, kabla ya mafuta kuingia kwenye mabomba, na iwe ya kunasa chembe za maikroni 5 hadi 10. Bila mpango huu unauhamisha uchafu tu toka kwenye mabomba kwenda kwenye tangi ulilolisafisha.

Hesabu ya kasi

Wengi hutosheka na kanuni kwamba namba ya Reynolds ipite 4,000, kiwango ambacho juu yake mkondo huacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kuvurugika na kusugua kuta. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mkondo wa lita kwa dakika kwa 21,220, kisha gawanya kwa kipenyo cha ndani cha milimita kilichozidishwa kwa mnato wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, unaopimwa kwa sentistoki.

Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 200 na mafuta ya daraja la ISO VG 32. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi mnato wake ni sentistoki 32, na ili kufikia 4,000 utahitaji takriban lita 1,200 kwa dakika. Ukiyapasha hadi nyuzi 65, mnato hushuka hadi karibu sentistoki 13, na sasa lita 490 kwa dakika zinatosha. Karatasi inasema kazi imekuwa rahisi, lakini angalia kasi yenyewe: lita 490 kwa dakika ndani ya bomba hilo ni sentimita 26 tu kwa sekunde. Mkondo huo umevurugika kwa mujibu wa hesabu, na bado tone la chuma lililolala chini ya bomba litabaki limelala.

Katika bomba kubwa, kwa hiyo, namba ya Reynolds iwe sharti la chini kabisa, na kasi yenyewe iwe sharti la pili. Mimi hulenga mita 2 kwa sekunde au zaidi, na angalau mara moja na nusu ya kasi ya kazi ya kawaida. Kwa bomba letu la milimita 200, mita 2 kwa sekunde ni karibu lita 3,800 kwa dakika, na namba ya Reynolds kwenye nyuzi 65 hupita 30,000. Pampu ya mashine yenyewe mara nyingi haiwezi kutoa kiasi hicho. Utahitaji pampu ya muda yenye uwezo mkubwa, au uwashe pampu kuu na ya akiba kwa pamoja ikiwa mtengenezaji anaruhusu. Kama hakuna kati ya hayo linalowezekana, kubali wazi kwamba bomba hilo haliwezi kusukutuliwa ipasavyo, ulisafishe lote kwa mkono, na uandike hivyo kwenye kumbukumbu.

Hesabu nyingine inayosahauliwa ni ujazo. Kila mita ya bomba hilo hubeba lita 31 za mafuta. Mita 60 ni karibu lita 1,900. Pampu ikiwashwa, tangi hushuka kwa kiasi hicho na pampu inaweza kuvuta hewa. Ikizimwa, mafuta hurudi na tangi linaweza kufurika. Weka alama mbili kwenye geji ya tangi, moja ya pampu ikiwa imewashwa na nyingine ikiwa imezimwa, kabla hujajaza.

Kujaza, kupasha moto na kuzungusha

Tumia mafuta ya daraja lilelile litakalotumika kazini, au mafuta ya kusukutulia ambayo muuzaji amethibitisha kwa maandishi kwamba yanapatana nayo. Mafuta mapya ya kwenye pipa si masafi kwa kipimo cha beringi. Yapitishe kwenye filta wakati wa kujaza. Kabla ya hapo jaribu viungo vyote vya muda kwa hewa ya shinikizo dogo na povu la sabuni, kwa kuwa kiungo kinachovuja hewa leo kesho kitavuja mafuta ya moto. Hosi zifungwe kwa minyororo ya usalama, na hosi, filta na fremu ya pampu ya muda viunganishwe na waya wa ardhi, kwani mafuta yanayopita kwa kasi kwenye filta nyembamba huzalisha umeme tuli. Wakati wote wa kusukutua, kusiwe na weldi wala jiwe la kusagia karibu, vizimamoto viwepo, na mtu azunguke mabomba akitafuta uvujaji.

Anza polepole mafuta yakiwa baridi, toa hewa kwenye sehemu za juu, kagua kila flanji, kisha ongeza mkondo. Pasha moto hadi nyuzi 60 au 70. Kipasha joto cha umeme kisizidi wati 2.3 kwa kila sentimita ya mraba ya uso wake, la sivyo mafuta yanayokigusa huungua na kuacha kaboni. Pia kisiwashwe wakati mafuta hayatembei. Njia iliyo laini zaidi ni kupitisha maji ya moto kwenye kipoza mafuta, ikiwa kipoza hicho kimesanifiwa kuhimili joto hilo.

Joto lisikae mahali pamoja. Baada ya saa kadhaa za moto, yaache mafuta yapoe hadi nyuzi 30 hivi, kisha yapashe tena. Chuma hutanuka na kujikunja, na gamba lililoshikilia huachia. Wakati wa moto, gonga mabomba kwa nyundo ya mbao au ya shaba kwenye kila mshono, kiwiko na flanji, au funga kitikisishi cha hewa. Fundi mmoja agonge toka kwenye tangi kuelekea mbele kufuata mkondo, bila kuruka mahali, na arudie kila baada ya saa chache. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayofupisha kusukutua kuliko nyingine yoyote.

Kusoma wavu

Mwishoni mwa kila mzunguko, kwenye kiungo cha muda cha beringi, weka wavu wa daraja la 100 wenye matundu ya maikroni 150, ukiegemea sahani yenye mashimo ili usichanike. Saa za kwanza ukague kila nusu saa, kwa sababu wavu uliojaa hupasuka na kumwaga yote uliyonasa. Nyavu zikianza kupungua uchafu, ongeza muda hadi saa nne, kisha nane.

Usiupanguse wavu haraka. Uoshe kwa kimiminika kisafi juu ya karatasi nyeupe ya kuchujia, usogeze taa, shika kioo cha kukuza na sumaku. Shanga za mviringo zinazong'aa na kukimbilia sumaku ni matone ya weldi: rudi kwenye mishono. Vipande vyeusi vilivyo bapa ni gamba la kiwandani, na maana yake asidi haikufanya kazi au bomba fulani halikuoshwa. Unga mwekundu ni kutu, na mara nyingi huja na maji. Chembe angavu zisizovutwa na sumaku na zinazokwaruza kioo ni mchanga, ambao umeingia kwa mdomo wa bomba ulioachwa wazi au kwa mabomba yaliyopulizwa mchanga. Nyuzi ni matambara. Vipande laini vya rangi ni tangi likikuambia lifunguliwe tena. Andika aina, idadi na ukubwa kwa kila wavu. Uchafu wa aina moja usiopungua kwa nyavu nne au tano mfululizo hauondolewi kwa kuongeza saa, una makao mahali fulani na unapaswa kutafutwa.

Kigezo cha kukubali hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kwa kawaida hakiruhusu chembe ya metali inayosikika kati ya vidole, na hutaka nyavu mbili au zaidi zitoke safi mfululizo mkondo na joto vikiwa kamili. Sisitiza sharti hilo la mwisho, kwa sababu wavu huwa safi siku zote mkondo ukipunguzwa.

Sampuli za mafuta

Wavu huonyesha chembe kubwa tu. Chembe ndogo hupimwa kwa sampuli na kuandikwa kwa namba tatu za kiwango cha kimataifa cha ISO 4406, zinazoeleza idadi ya chembe za kuanzia maikroni 4, 6 na 14 katika kila mililita. Watengenezaji wengi wa turbini hutaka 16/14/11 au 18/16/13. Namba 16 ni chembe zaidi ya 320 hadi 640, na kila namba inayoongezeka ni mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo tofauti ya namba mbili ni uchafu mara nne.

Chota sampuli kwenye bomba lenye mkondo wa nguvu, hasa baada ya kiwiko, kabla ya filta, mafuta yakitembea. Mwaga lita moja au zaidi ya kwanza ili kusafisha kibomba cha kuchotea, kisha jaza chupa iliyothibitishwa usafi bila kugusa mdomo wake wala kuichezea vali. Sampuli iliyochotwa chini ya tangi au kwenye bomba lililosimama haina maana. Maji yapimwe maabara. Ukiwa kwenye eneo la kazi, dondosha tone kwenye sahani ya chuma iliyo moto, na likitatarika mna maji ya kutosha kusimamisha kazi hadi yaondolewe.

Kurudisha mfumo

Matokeo yakikubaliwa, simamisha pampu na, ikiwa ulitumia mafuta ya kusukutulia, yatoe yakiwa bado moto ili yabebe chembe zinazoelea. Fungua tangi na kipoza mafuta, vipanguse tena, badilisha filta zote. Kisha toa nyavu moja moja ukizihesabu dhidi ya daftari, kwani wavu uliosahauliwa utachanika baadaye na kuingia kwenye beringi uliyokuwa unailinda. Rudisha sahani za tundu, vali na vipimo kwa namba zake, na mtu wa pili athibitishe kila kimoja kwa sahihi. Viungo vinavyofunguliwa sasa vifungwe mara moja kwa gasketi mpya, hewa ikiwa haina vumbi.

Zungusha mafuta kwa pampu ya mashine, kwa mkondo wa kawaida, kwa saa kadhaa shafti ikiwa imesimama, kisha fungua beringi moja iliyo mbali zaidi na tangi, uikague kwa macho na kwa kitambaa cheupe. Ikiwa safi, mashine inaweza kuwashwa. Katika saa 24 za kwanza soma tofauti ya shinikizo la filta kila saa, ukiwa na filta ya akiba tayari kubadilishiwa bila kusimamisha mashine, na uchote sampuli mwisho wa siku hiyo, kwa sababu mtikisiko wa kwanza wa shafti hubandua chembe ambazo nyundo haikuzifikia.